Jicho Linakwenda Wapi Kwanza

Alhamisi, 12 Septemba

Daftari hili nimeshikishwa kwa nguvu. Bi Ognyana kasema kila mwanachama wa klabu ya picha aandike anachojifunza msimu huu, mpaka maonyesho ya Desemba. Sawa, naandika. Ila mimi nilikwenda pale kuwafundisha, kwa hiyo sijui nani amwandikie nani.

Kwa atakayeliokota: mimi ni Yavor, wa gereji ya matairi barabara ya bandarini. Darasa la tisa mimi ndiye niliyeiacha shule, ingawa walimu wana hadithi yao. Kamera yangu ni kali kuliko zote klabuni. Mama aliituma kutoka Italia, anakomtunza bibi kizee mmoja anaitwa Ornella. Ilikuwa ya marehemu mume wa Ornella. Chuma kitupu, ukimgonga nayo mtu kichwani anasahau jina la babake.

Tunakutana Alhamisi jioni, chumba cha juu ya maktaba, chenye projekta inayokohoa kama mvuta tumbaku. Bi Ognyana ndiye mkubwa wetu. Ana duka la dawa, na hata maoni ya picha anayagawa kama dawa. Picha ikiwekwa ukutani, mwenyewe hafungui mdomo. Wengine kila mmoja ana dozi tatu: sema unaona nini, sema jicho lako linakwenda wapi kwanza, sema kitu kimoja cha kujaribu safari nyingine. Ukisema "nzuri" ukanyamaza, au "mbaya" ukanyamaza, Alhamisi inayofuata unaleta mbegu za alizeti za kutafuna kila mtu.

Leo ilianza picha ya Mzee Nikifor, karani mstaafu wa stesheni. Machweo ya Danube. Anapiga machweo ya Danube tu, tangu nizaliwe, na jua halijawahi kumshukuru.

Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Naona jua. Jicho langu linakwenda kwenye jua. Safari nyingine ajaribu kulala mapema."

Watu walicheka. Zornitsa wa duka la mikate alicheka mpaka akafunika uso. Mzee Nikifor hakucheka, na kwa kanuni hakuruhusiwa kujibu, akabaki anaipangusa miwani yake.

"Yavor," Bi Ognyana akaniuliza, "hayo maoni ni ya picha au ya domo lako?"

"Domo langu pia lina macho, Bi Ognyana."

"Basi Alhamisi lilete mbegu."

Ijumaa, 20 Septemba

Bibi yangu Mitra, ninayeishi naye, anachoma pilipili hoho uani tangu asubuhi. Mtaa mzima unanuka moshi mtamu. Nimempiga picha akimenya, ananitukana kwa sababu kavaa kitambaa cha kazini. Nikamtumia Mama. Akajibu: Nzuri sana mwanangu.

Kila picha, nzuri sana mwanangu. Juzi nilimtumia picha ya tairi lililopasuka. Nzuri sana mwanangu. Mama angekuwa klabuni, alizeti zingekwisha mkoa mzima.

Jumanne, 24 Septemba

Pancha kutwa. Hakuna cha kuandika.

Alhamisi, 3 Oktoba

Zornitsa kaleta picha ya mikono ya babake ikikanda unga. Nilikuwa na maneno matamu ya kumchokoza nimeyapanga njia nzima. Ikawekwa ukutani, yakanipotea.

Nikasema: "Naona mikono na unga. Jicho langu linakwenda kwanza kwenye pete, kwa sababu imezibwa na unga na haing'ai, na kila kitu kingine pale kinang'aa. Kitu kimoja. Kona ya juu kuna nusu ya kalenda. Inanifanya nisome tarehe. Asogee kushoto kidogo."

Bi Ognyana akaandika kitu. Zornitsa aliponipita mlangoni akasema, "Profesa wa Matairi, kumbe unaona."

"Naona mengi, dada, ila mengine hayasemeki mbele ya watu."

"Na uso wako umejaa grisi, hilo unaliona?"

Nilijipangusa mpaka nyumbani. Hapakuwa na grisi hata kidogo.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimemwandikia Mama dozi zote tatu. Nimemwambia asiniambie nzuri, aniambie jicho lake linakwenda wapi kwanza. Nimemtumia picha ya barabara yetu asubuhi, ile yenye ukungu.

Kajibu: Mwanangu, mimi sijui mambo hayo, mimi kwangu zote ni nzuri. Umekula?

Nimekula.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo ilikuwa zamu ya picha zangu. Nilipanga nne, bora kuliko zote nilizonazo, na nilivaa shati.

Ya kwanza, lango letu likiwa wazi. Ya pili, bembea ya uwanja wa shule inayumba. Ya tatu, sahani mezani na kipande cha mkate kilichoumwa. Ya nne, ile barabara ya ukungu. Nikakaa nimekunja mikono, nasubiri kusifiwa kwa dozi tatu.

Mzee Nikifor aliona lango. Jicho lake lilikwenda kwenye komeo. Akasema nijaribu saa ya jioni, jua likiwa chini. Huyo hana lingine.

Zornitsa akainuka, akaisogelea picha mpaka mwanga wa projekta ukamwandika mgongoni. Akaomba zirudiwe zote nne, haraka haraka. Zikarudiwa.

"Naona mtu," akasema.

"Mtu gani? Hamna mtu," nikaropoka.

"Mwenye picha anyamaze," Bi Ognyana akasema.

"Naona mtu aliyeondoka sasa hivi," Zornitsa akaendelea. "Zote nne. Lango kalifungua yeye, bembea bado inayumba, mkate kauuma yeye, na barabarani kaishia kwenye ukungu. Jicho langu kila mara linakwenda pale alipokuwa. Kitu kimoja cha kujaribu." Hapo akasitasita. "Ajaribu kupiga mtu kabla hajaondoka."

Hakuna aliyetafuna mbegu. Nilitaka kusema kwamba yeye hajui kitu, kwamba anakanda unga, kwamba mwanga, kwamba fremu. Kanuni ilinibana mdomo. Projekta ilipozimwa nilichukua koti nikatoka bila kuaga, na mtu wa mwisho kutoka huwa anatakiwa kufunga dirisha. Wala sikuwa wa mwisho. Nililifunga hivyo hivyo, kwa kishindo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimezipitia picha zangu zote tangu kamera ije. Zote.

Viti. Viatu mlangoni. Vituo vya basi. Hata ile ya tairi lililopasuka, gari lenyewe halipo.

Zornitsa ana mdomo mchafu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nakumbuka Mama alivyoondoka, nilikuwa darasa la tano. Alivaa koti la bluu. Basi la kwenda Sofia lilisimama mbele ya duka la dawa, nami nikaenda kununua pipi ya kikohozi kwa sababu sikutaka anione. Nilipotoka dukani palikuwa na moshi wa basi tu. Amekuja likizo mara chache tangu hapo, siku za joto, anapika, anafua mapazia, anaondoka tena. Majira mawili ya joto sasa hajaja kabisa.

Sijui kwa nini naandika haya. Daftari ni la picha.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimerudi klabuni. Zornitsa alinisogezea kiti bila kuniangalia, nami nikakikalia bila kushukuru. Yameisha.

Mzee Nikifor, machweo. Nilipofikiwa, wote wakaniangalia wakingoja kichekesho. Nami nilikuwa nacho, kibichi kabisa. Lakini niliona miwani yake, ameshaivua mapema ili aipanguse.

Nikasema, "Naona mto na jua. Jicho langu linakwenda kwenye jua, halafu linakosa pa kwenda, linarudi kwako. Mzee, safari nyingine simama pale pale, saa ile ile. Ila geuka. Ulipe jua mgongo, uangalie linamulika nini."

Alifungua mdomo, akakumbuka kanuni, akaufunga.

Bi Ognyana akaniambia kwenye ngazi, "Hiyo sasa ndiyo dawa."

"Nilikuwa nayo tangu zamani, nilikuwa naficha."

"Nenda zako huko."

Alhamisi, 7 Novemba

Mzee Nikifor kageuka!

Picha ilipowekwa ukutani hakuna aliyeamini ni yake. Gati la mto, mabenchi, watu wamekaa na nyuso zote rangi ya chungwa, kama wamezunguka moto mmoja. Mbwa amefumba macho. Na kwenye benchi la mwisho, mwanamke mwenye mfuko wa sokoni mapajani, anaitazama kamera kwa subira.

Tulisema dozi zetu. Jicho la kila mtu lilikwenda kwa yule mwanamke. Kanuni ilipomruhusu Mzee Nikifor kusema, sauti yake haikuwa sawa.

"Ni Pena," akasema. "Mke wangu. Mimi sikujua huwa ananisubiri pale. Nilidhani akitoka sokoni anatangulia nyumbani."

Zornitsa akanikanyaga mguu chini ya meza. Kwa upole, lakini alikanyaga.

Ijumaa, 15 Novemba

Leo sheria inaanza: matairi ya baridi kila gari. Wabulgaria wote wamekumbuka leo. Sina mgongo.

Alhamisi, 21 Novemba

Bi Ognyana kachagua picha za maonyesho. Yatafunguliwa Ijumaa ya Siku ya Mtakatifu Nikola. Kwangu kachukua sahani na bembea, halafu anataka moja zaidi.

"Yenye mtu," akasema.

"Mtu gani?"

"Utamjua wewe."

Jumapili, 24 Novemba

Leo naandika sana, tafadhali peni isiishe.

Mama alipiga kwa video. Mvua ilikuwa inapiga bati, na mtandao wetu mvua ikinyesha unakuwa kama mlevi. Nilimwona vizuri, lakini sauti yake ilikatika kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Nikampigia kelele, "Unanisikia?" Akaonyesha sikio, akainua dole gumba. Yeye ananisikia, mimi simsikii. Bahati yangu, nikaona niseme lote hapo hapo. Mama akiwa na sauti yake huwa ananigeuzia maneno, ananiuliza nimekula.

Nikasema, "Mama, Siku ya Nikola uje. Usije likizo. Uje ukae. Gereji inanipa kazi ya kutosha, Bibi anazeeka, chumba chako kipo. Utakuja?"

Alinitazama. Macho yalikuwa yanamlengalenga. Kisha akatikisa kichwa, kulia na kushoto, kulia na kushoto, taratibu, na midomo inasema maneno mengi nisiyoyasikia. Halafu picha ikaganda, ikakatika.

Kwa atakayeliokota daftari hili akiwa mgeni: sisi kichwa kikienda kulia na kushoto ni ndiyo. Hapana ni kukirusha juu mara moja na kupiga ulimi. Hata mtoto wa kunyonya anajua.

Alitikisa ndiyo! Tena siyo ndiyo ya haraka haraka. Ndiyo ndefu, ya machozi.

Nilishuka ngazi nikamkuta Bibi Mitra anakata kabichi za kuloweka pipani kwa chumvi mpaka zichachuke.

"Mama anarudi."

Kisu kikasimama. "Kasema?"

"Sauti ilikatika. Katikisa kichwa."

Bibi alifanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye chumvi, akatema mate ya kufukuza kijicho. "Basi usilitaje tena. Usimtajie jirani wala yeye mwenyewe. Jambo hili ukilishikashika litavunjika. Lete kabichi nyingine."

"Hizi si zinatosha watu wawili?"

"Ndiyo maana nasema lete nyingine, mjinga wewe."

Jumanne, 26 Novemba

Nimepaka chokaa chumba cha Mama. Nywele zangu nyeupe. Gerejini wananiita babu.

Jumatano, 27 Novemba

Nimemwandikia Mama kwamba kabichi itakuwa imeiva Siku ya Nikola. Sikutaja lingine, kama alivyosema Bibi. Kajibu: Mle na sehemu yangu.

Anavyopenda utani! Nimecheka peke yangu chini ya lori.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeipata picha ya tatu. Chumba kimekauka, Bibi kakitandika kitanda kwa lile blanketi jekundu la manyoya alilofuma bibi yake. Dirisha linaingiza mwanga mweupe wa asubuhi, unaanguka kwenye mto. Nimepiga nikiwa mlangoni.

Nikampelekea Bi Ognyana dukani. Alitazama muda mrefu, mteja wa kikohozi anangoja.

"Nilisema yenye mtu."

"Mtu yumo. Anakuja Ijumaa."

"Jina la picha?"

"Mama Amerudi."

Akaliandika kwa mwandiko wake wa dawa. Hakuniuliza zaidi, akamgeukia wa kikohozi.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimeagiza samaki anayeliwa Siku ya Nikola, yule mnene wa magamba makubwa. Nimemwambia muuzaji anipe mkubwa kuliko wote. Akasema mkubwa kuliko wote kachukuliwa na Mzee Nikifor. Yule mzee!

Alhamisi, 5 Desemba

Tulitundika picha mchana. Mimi juu ya ngazi, Zornitsa chini ananipa misumari na maoni.

"Inapinda. Kulia. Kulia! Kulia yangu!"

"Ukutani hakuna kulia yako, kuna kulia moja."

Tukafika kwenye ya chumba. Akasoma kile kikaratasi: Mama Amerudi. Uso wake ukafunguka. "Yavor! Kweli? Lini?"

Nikasahau onyo la Bibi. "Kesho. Sijui basi la saa ngapi, hajaandika. Anapenda kushtua watu."

"Alikwambia kwamba anakuja kesho?"

"Nilimuuliza kwa video. Sauti ilikuwa imekatika. Akatikisa kichwa."

"Hivi?" Zornitsa akatikisa kulia na kushoto.

"Hivyo hivyo. Muda mrefu, huku analia."

Uso wake ukajifunga tena. Akaiweka misumari kwenye kiti, mmoja mmoja.

"Nini?" nikasema.

"Shuka kwanza."

"Sema."

"Mimi nilifanya kazi hotelini Rimini, kule Italia, msimu mmoja tu wa joto. Waitaliano kichwa chao ni kinyume chetu. Mwanzoni mgeni ananiuliza kahawa ipo, natikisa ndiyo, anaondoka amenuna. Mwezi wa pili kichwa kikazoea. Niliporudi, baba akaniuliza nataka supu, nikakataa kwa kichwa cha kule, akanijazia bakuli." Alijaribu kucheka. "Mama yako yuko kule tangu lini, Yavor?"

Nilimwambia yeye ni mwokaji wa mikate. Nilimwambia alikaa kule msimu mmoja akajifanya Mwitaliano. Nilimwambia Mama hawezi kusahau kichwa chake. Nilisema mengi kutoka juu ya ngazi, na yeye, kama vile picha iliyokuwa ukutani ni yake, hakufungua mdomo.

Nikatoka hadi kwenye varanda, nikapiga simu. Mama akapokea upesi.

"Mama, kesho basi lako linafika saa ngapi?"

Nikasikia sauti ya redio ya Kiitaliano, halafu mtu akaizima.

"Yavor. Mwanangu. Si nilikwambia siku ile?"

"Ulitikisa kichwa."

"Nilitikisa. Nilitikisa mpaka hereni ikadondoka. Na kwa mdomo pia nilisema, siwezi, Ornella ameanguka bafuni, hana mtu mwingine, siwezi kumwacha sasa. Nikalia. Uliponiandikia habari za kabichi nikajua umenisamehe."

"Mama, ulitikisa hivi." Nami nikatikisa, na ilikuwa simu ya sauti tu, ananionaje. "Kulia na kushoto. Hiyo ni ndiyo, Mama. Kwetu hiyo ni ndiyo."

Nilisikia pumzi yake. Nadhani alikuwa anakijaribu kichwa chake pale jikoni kwa watu, huku na huku, akikitafuta kilipobadilikia.

"Mungu wangu," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, hakuwa anasema na mimi: "Nimeanza lini?"

Nikamwambia Bibi ananiita. Bibi yuko nyumbani, mbali kabisa na pale. Nikakata.

Nilivyosimama pale nilijishangaa. Kwamba haji, hilo nilishalizoea, mwili unajua pa kuliweka. Kilichonishinda ni kile kichwa. Miaka yote nimemwona kama mtu aliyesimama kituoni na mkoba, amechelewa tu. Kumbe kichwa kilishapanda basi, kikashuka, kikafika, kikapata na pa kulala. Na yeye mwenyewe hakukiona kikiondoka.

Nilirudi ndani. Zornitsa alikuwa ameipanda ngazi mwenyewe, anaiweka sawa picha. Nikamwambia samahani. Akasema, "Nipe nyundo." Bi Ognyana akaja na kalamu, akanitazama, akakitoa kile kikaratasi ukutani, akakigeuza upande mweupe.

"Iondoeni tu," nikasema.

"Picha haina kosa. Jina ndilo lenye kosa. Andika jingine."

Nikaandika: Chumba.

Ijumaa, 6 Desemba, Siku ya Nikola

Watu wengi walikuja. Sikutaka kusimama karibu na ile picha, nikasimama karibu na divai.

Mzee Nikifor alikwenda kusimama mbele yake na Pena wake, akaniita kwa kidole.

"Naona kitanda," akasema. "Jicho langu linakwenda kwenye mto. Hauna hata mkunjo. Kitu kimoja cha kujaribu..." Akaivua miwani. "Sina, dogo. Nimetafuta. Njoo kwetu ule samaki, ni mkubwa kuliko wenu."

"Najua, uliniwahi."

"Mlete na bibi yako," Pena akasema. "Na kabichi, nimesikia mmeloweka za kulisha kijiji."

Tulikwenda. Nimekula samaki wawili, wetu na wao. Bibi Mitra hakusema neno kuhusu Mama njia nzima. Mlangoni tu aliniambia nilitoe blanketi jekundu kitandani, lisipigwe na vumbi. Sijalitoa bado.

Jumanne, 10 Desemba

Theluji. Wale waliokuwa hawajabadilisha matairi wamekumbuka.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikwenda klabuni. Mama hajapiga, na mimi sijapiga. Zornitsa kapita gerejini na mkate wa moto, kasema ulizidi. Mkate wa jioni hauzidi, wanaugombania. Nimeula wote.

Jumapili, 15 Desemba

Asubuhi simu ikalia. Mama hakupiga, katuma picha. Tangu aende, sijawahi kupata kutoka kwake picha ya mahali anapokaa. Hutuma uso wake, au keki, au kanisa fulani.

Chini yake kaandika: Usiniambie nzuri. Niambie kama mnavyoambiana Alhamisi. Nitanyamaza.

Nikakaa kitandani na viatu. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Kisha nikamjibu hivi:

Mama, naona jiko dogo. Naona vikombe viwili vimeoshwa, na glasi yenye meno ya bandia, natumaini ni ya Ornella. Naona dirishani kopo la maua yale yale ya Bibi, yale ya majani yenye harufu, kwa hiyo uliondoka na tawi hukutuambia. Mwanga ni wa asubuhi na umeuacha uingie wenyewe, hukuwasha taa. Hapo umefanya vizuri, wengi huwasha.

Jicho langu linakwenda kwanza pembeni kabisa, kulia, kwenye nusu ya kiti. Kiti kina koti la bluu. Nalijua. Linakaa kule kama koti la mtu wa nyumbani, halitundikwi wala halikunjwi. Limeniuma na limenifurahisha, na sijui lipi lilitangulia.

Kitu kimoja cha kujaribu: rudi

Hapo nikasimama. Lile neno lilikuwa limekaa peke yake mwisho wa mstari. Kidole kilikuwa juu ya kutuma. Ningelituma hivyo lilivyo, na yeye angelielewa vilevile, na angelia tena mbele ya meno ya Ornella.

Ila picha haikuwa inaomba hilo. Picha ilikuwa inaomba nafasi.

Nikaongeza: nyuma kidogo, ili kiti kiingie chote.

Nikatuma. Bibi akaniita nikate kuni, nikakata kuni vibaya, vipande vingine virefu vingine vifupi, akanitukana. Niliporudi palikuwa na picha nyingine.

Amerudi nyuma, nadhani mpaka mgongo ukagusa ukuta. Jiko lote limeingia, na kalenda, na ndoo, na kiti kizima. Koti hakuna, kalitoa. Kiti kitupu, na kimevutwa kidogo kutoka mezani, kama tunavyomvutia mtu aliyefika mlangoni. Mbele yake kikombe kimoja kimegeuzwa, mdomo juu.

Hakuandika kitu chini yake.

Nimemuuliza bosi, mwezi wa kwanza matairi yakipungua kama anaweza kuniruhusu niondoke wiki mbili. Kasema niende hata tatu, apumzike na domo langu.

Picha yenyewe imepinda, upande wote wa kushoto umeshuka kama meli inayozama. Sijamwambia Mama.